Siku Tuliyohesabu Upya Kosa la Sampuli

Rasimu ya ripoti ya utafiti wetu wa safari za kaya ilisema bila kusita: safari za basi zimeshuka kutoka asilimia 32 ya safari zote hadi 30, na kushuka huko si kwa bahati. Nikauliza kosa la sampuli, yaani kiasi ambacho jibu huweza kuyumba kwa kuwa tulihoji baadhi ya kaya tu, limekokotolewaje. Nikaonyeshwa kanuni ya sampuli nasibu ya kawaida: 0.3 mara 0.7, gawa kwa safari 8,640, tafuta kipeuo cha pili. Jibu, asilimia 0.49.

Tatizo lilikuwa ile 8,640. Hatukuchagua safari. Tulichagua maeneo 60, na ndani ya kila eneo kaya 20. Aendaye kwa basi hurudi kwa basi. Mzazi mwenye gari hubeba na watoto. Majirani wote hutembea umbali uleule hadi kituoni. Safari ya pili ya mtu yuleyule huongeza habari kidogo sana, ila kanuni ile huihesabu kama ushahidi mzima.

Siku hiyohiyo tukaanza upya, kwa njia ya kuacha eneo mojamoja. Maeneo yalikuwa katika matabaka manne, yaani makundi tuliyoyatenga kabla ya kuchagua, 15 kila tabaka. Unaondoa eneo moja na kaya zake zote. Yale 14 yaliyobaki katika tabaka hilo unazidisha uzito wake (idadi ambayo kila kaya iliyohojiwa inaiwakilisha) kwa 15/14, matabaka mengine huyagusi, kisha unakokotoa asilimia ya basi. Mara 60. Kila tofauti na jibu la sampuli nzima unaizidisha yenyewe kwa yenyewe, halafu kwa 14/15. Unajumlisha zote na kutafuta kipeuo.

Mzunguko wa kwanza tulisahau 15/14. Asilimia ya basi haikutikisika sana, lakini jumla ya safari ilipungua kila eneo lilipotolewa, na kosa la jumla hiyo likavimba kupita kiasi. Hapo ndipo tukashtuka. Mwenzetu mmoja alipendekeza tuondoe kaya mojamoja. Tukakataa, maana ufanano wa majirani ungefichika.

Tulipata 1.48, mara tatu ya lile la mwanzo: athari ya muundo wa sampuli, yaani kosa halisi kwa lile la kanuni ya kawaida, uwiano wake ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe, ilikuwa takribani 9. Utafiti uliotangulia ulikuwa na muundo uleule na kosa lililokaribiana na hili, hivyo kosa la tofauti kati ya tafiti hizo mbili likawa karibu 2.1. Tofauti yenyewe ilikuwa 2. Sentensi ya kushuka kwa basi ikafutwa, tukaandika asilimia 30, kujumlisha au kutoa 3, yaani karibu mara mbili ya kosa.

Kilichoniuma zaidi ni mpangilio wa sampuli. Kaya zilezile 1,200 tungezigawa katika maeneo 120, kaya 10 kila moja, kosa lingeshuka, ingawa wahoji wangetembea zaidi.