Nilivyotoka kwenye kausha damu mbili nikiwa mama lishe Mabibo

Nauza chakula karibu na soko la ndizi la Mabibo, Dar es Salaam, pale wengi wanapopaita Mahakama ya Ndizi. Wateja wangu ni wapakuaji wa malori, vijana wa mikokoteni na akina mama wanaochuuza ndizi mbilimbili mitaani. Saa kumi alfajiri niko macho, na saa kumi na mbili jiko limeshawaka. Mwaka 2023 nilifanya kazi hivyo kila siku, Jumapili na sikukuu, na bado deni lilikuwa linakua. Kuna watu wanaamini maskini ni mtu asiyejituma. Nawaomba waje wasimame kando ya jiko langu siku moja tu.

Mambo yaliharibika mwanzoni mwa mwaka ule, mchele ulipopanda. Mimi niliyezoea kununua kilo kwa 1,800 nikajikuta natoa 3,000. Napika kilo kumi kwa siku, kwa hiyo 12,000 ziliongezeka kwenye gharama kabla sijawasha moto. Bei ya sahani sikuweza kuipandisha. Mpakuaji anayekuja na 1,500 mkononi hana nyingine mfukoni, ukimwambia 2,000 anageuka na kwenda kunywa chai na andazi. Nikaumeza mzigo ule mwenyewe, mtaji ukaliwa, nikakopa.

Mkopo wenyewe ulikuwa kausha damu, yaani mkopo wa riba kubwa unaorejeshwa kila siku, wa 200,000. Walikata 20,000 za fomu na sijui nini, nikapokea 180,000. Rejesho ni 9,000 kila siku kwa siku thelathini, jumla 270,000. Hakuna aliyenifichia namba hizo. Lakini unapokuwa huna mchele wa kesho, 9,000 unaiona ndogo, kwa sababu mauzo yako ya siku ni karibu laki. Kosa langu lilikuwa hapo: nilipima rejesho kwa mauzo, sikulipima kwa faida. Ukaja mfungo wa Ramadhani, wateja wa mchana wakapungua, nikachukua mkopo wa pili wa 150,000 kwingine ili nilipie ule wa kwanza. Huo rejesho lake ni 7,000. Ule wa kwanza nao nikauhuisha mara mbili.

Kijana wa marejesho alikuwa na adabu. "Shikamoo mama, leo tunaenda vipi?" Saa nane mchana anakaa kwenye benchi langu na kadi yake, ananisubiri wateja wakiwa bado wanakula. Siku moja nilimhesabia mpaka sarafu, za mia mia na mia mbili, nikizitoa moja moja kwenye pindo la kitenge, na wapakuaji wameacha kutafuna wananiangalia. Aliziweka kwenye mfuko wa plastiki, akatia sahihi, akaondoka. Jioni ile nilipika ugali nyumbani bila mboga. Mume wangu, ambaye ni saidia fundi na kazi yake ni ya leo ipo kesho haipo, aliuliza biashara imekuwaje. Nikamwambia watu walikuwa wachache. Wakati huo hakujua hata mkopo mmoja.

Kikundi chetu cha wanawake watano tulikuwa tumejipanga kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo wanawake wametengewa asilimia nne. Mkopo ule hauna riba. Aprili serikali ikausimamisha nchi nzima ili utaratibu wake urekebishwe. Najua fedha nyingi zilikuwa zimepotea kwenye vikundi hewa, na kurekebisha ni sawa. Ila kausha damu hazikusimama hata siku moja.

Kilichonisaidia kilianza na daftari la hesabu la mwanangu wa darasa la nne. Jumatatu moja ya mwezi wa tano niliandika kila senti. Mchele 30,000. Maharage 9,000. Samaki 15,000. Nyanya, vitunguu, mafuta na mboga 12,000. Mkaa wa makopo 6,000. Maji 1,000. Binti anayenisaidia kuosha vyombo 5,000. Jumla 78,000. Niliuza sahani arobaini za maharage kwa 1,500 na kumi na tano za samaki kwa 2,500, yaani 97,500. Faida 19,500. Toa marejesho mawili, 16,000. Zikabaki 3,500. Halafu nikakumbuka sahani nne za maharage nilizotoa kwa mkopo, 6,000. Nilikuwa nimepungukiwa 2,500, na hapo sijahesabu nauli wala mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu kila wiki. Nilikaa na lile daftari gizani, maana luku ya umeme ilikuwa imeisha, nikaelewa kwamba hata nikiamka saa nane usiku, haitatosha.

Nilimwambia mume wangu usiku uleule. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mama watoto, kwa nini ulikuwa unaubeba peke yako?" Hakunipigia kelele. Najua wanawake ambao ndoa zao zilivunjikia hapo, kwa hiyo simshauri mtu kwa wepesi.

Asubuhi nikamwendea shoga yangu anayeuza vitumbua. Tulikuwa kumi kwenye mchezo, kila mmoja 20,000 kwa wiki, anayepokea anapata 200,000. Zamu yake ilikuwa ya tatu, yangu ya tisa. Nilimweleza yote. Akageuza vitumbua vyake vyote kwanza, akafuta mikono, akasema, "Chukua yangu. Mimi nitapokea ya tisa. Lakini usikope tena ukanificha." Alikuwa na mipango yake na ile pesa. Huo msaada sina namna ya kuupima.

Kwa ile 200,000 nilimaliza mkopo wa pili, uliobakiza siku 18, yaani 126,000. Zikabaki 74,000. Kishawishi kilikuwa kuzipeleka zote kwenye ule wa kwanza. Badala yake nilinunua gunia la mkaa kwa 70,000. Lilinifikisha siku 18, wakati kwa makopo ningetumia 108,000. Mwenye pesa hununua gunia, asiye nayo hununua kopo, na ndiyo maana asiye nayo analipa zaidi. Nilikuwa nalijua hilo miaka yote ila sijawahi kushika 70,000 isiyokuwa na mwenyewe.

Kuhusu mkopo wa kwanza, mwalimu mmoja mstaafu anayekula kwangu alinieleza kwamba tangu ije sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa aina hiyo. "Mwanangu, kaombe nakala ya mkataba," akaniambia. Nikaomba. Hawakuwa nayo, ilikuwepo ile kadi tu. Nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa, tukakaa mimi, mume wangu, mwenyekiti na bosi wa yule kijana. Sikudai kusamehewa. Nilibakiwa na 99,000, nikasema nitalipa 5,000 kwa siku bila faini. Wakabishana, mwisho wakakubali. Zile siku ishirini zilikwisha, na kadi yao ninayo mpaka leo ndani ya daftari.

Jikoni nako nilibadilisha kidogo. Niliweka sahani ndogo ya buku, yaani 1,000, na inatoka kuliko nilivyotegemea. Mkopo bado natoa kwa wapakuaji, maana nao wanalipwa lori likishamaliza kushushwa, ila deni la mchana lilipwe jioni ileile. Wengi wanalipa.

Wiki ya tisa ilipofika nilimpelekea shoga yangu 200,000 zake mkononi. Alinunua kikaango kipya na gunia la mchele.

Sijawa tajiri. Halmashauri zilianza tena kukopesha mwaka 2024, tukaomba, tunasubiri. Kodi ya miezi sita inaisha mwezi ujao, 300,000, na kwenye kibubu zimo 180,000. Kila jioni naweka 4,000.