Lenzi imeandikwa MTO: siku yangu moja ya ufundi kamera Kariakoo

Watu wakisikia fundi kamera wanadhani kazi yangu ni kupuliza vumbi na kula hela za watu. Haya, twende wote siku moja.

Saa 11 na nusu alfajiri nishaamka, chai na chapati ya jana, mwendokasi kutoka Kimara nimesimama mpaka Gerezani. Saa 2 meza iko wazi. Mpaka saa 4 nimemaliza shata moja, kile kipazia cha ndani kinachofunguka ukipiga picha, na kamera ya mtu wa maharusi iliyomwagikiwa soda, hizo sisimulii, ndo mkate wangu.

Saa 4 na kitu kaingia kijana, shikamoo fundi, marahaba, akatoa kwenye rambo kitu kifupi kinene kama kopo la maziwa, kizito zaidi ya kilo. Lenzi ya Kirusi, MTO-500. Akaniuliza ni ya kupigia picha mtoni? Nikacheka mpaka wa saluni jirani akachungulia. Babu yake alisoma Moscow, akarudi nayo, ikakaa kabatini miaka yote na unyevu wetu huu wa Dar, kwa hiyo fangasi ndani wametandika utando kama buibui. Mm 500, yaani ya kuvuta vitu vya mbali, lakini fupi, kwa sababu mwanga unaingia, unagonga kioo kikubwa cha nyuma, unarudi mbele kwenye kioo kidogo, halafu ndo unaenda kwenye kamera. Ubunifu wa Maksutov huo, mtaalamu wa Kirusi wa lenzi, wa mwaka 1941.

Sasa balaa. Lenzi yenyewe ni ya kuzungusha kama kifuniko cha chupa, M42, yaani kipenyo milimita 42 na kila mzunguko inaingia milimita moja. Kijana kanunua adapta, ile ringi ya kuunganishia lenzi na kamera yake ya kisasa, kaifunga kombo, ilivyogoma akaleta plaizi. Plaizi jamani! Tredi zimekulana, adapta imekwaruzika yote, na bado ananiambia fundi ni dakika tano tu hiyo. Nikaazima drai ya saluni niipashe adapta moto itanuke, umeme ukakatika. Nusu saa tunatazamana. Ulivyorudi nikapasha, nikazungushia kipande cha tyubu ya baiskeli nipate mshiko, nikabana na magoti, kiganja kinawaka, mara ikatoa kamlio kadogo, kee, ikaachia. Jasho mpaka kwenye miwani.

Kufungua na kusafisha ni saa nyingine mbili, na kile kioo cha nyuma huwezi kukisugua kama sufuria, ule mng'ao ni utando mwembamba, ukikosea umebaki na kikombe cha kunywea chai. Chakula cha mchana sikumbuki kama nilikula.

Mchana huko, saa ngapi sijui, tukapanda juu ya ghorofa kuijaribu. Nikamuwekea kamera ikubali kupiga bila kuitambua lenzi, maana hii haina waya wala chipu. Akaanza. Mbona kuna doa jeusi katikati mbele, nitolee. Nikamwambia hapo ndo kioo kidogo kinapokaa, nikitoa huna lenzi. Mbona haifunguki zaidi ya f/8, hicho kipimo cha uwazi wa kupitishia mwanga? Haifunguki wala haifungiki, ni f/8 kuanzia leo mpaka kiama. Mbona ukizungusha ringi ya kulengea vitu vya mbali, ikifika mwisho kabisa picha inafifia tena? Imeachiwa nafasi makusudi, joto likibadilika na yenyewe inabadilika. Akapiga picha ya kunguru, nyuma yake mabati yanametameta juani, kila mmeto umekuwa duara lenye tundu, kama bangili. Hapo akapandisha sauti: fundi umeniharibia lenzi ya babu, hizi bangili hazikuwepo! Wewe hujawahi hata kupiga nayo picha moja umejuaje hazikuwepo? Nikamchorea kwenye boksi la kiatu, kioo kidogo kinaziba katikati kwa hiyo mwanga wa vitu ambavyo lenzi haijavilenga unatoka na tundu, akaangalia, akaniuliza sasa utanipunguzia shilingi ngapi.

Tulikubaliana elfu 40, katoa 30. Nimechoka, nikapokea.

Kurudi nyumbani foleni, mgongo, giza. Nipo Ubungo simu ikalia, kanitumia picha ya mwezi, ule usio kamili, mashimo yake unayahesabu kabisa, hajatumia stendi kaegemeza dirishani. Chini kaandika: fundi, hii haina bangili.

Nikamjibu: mzuri sana, na elfu 10 yangu je? Tiki mbili za bluu.