Jinsi nilivyojenga mfumo endeshi mwepesi wa mashine ya gemu

Mashine ya gemu ya nyumbani huzimwa kwa swichi ya ukutani, na mfumo endeshi wa kompyuta ya mezani haukustahimili hali hiyo: umeme ukikatika wakati faili zinaandikwa, data kwenye kadi ya memori iliharibika na Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoendesha mashine yangu, ikashindwa kuwaka.

Nilihamia Buildroot, zana ya kutengeneza mfumo endeshi wako mwenyewe, ambayo hujenga kerneli (kiini) ya Linux pamoja na zile programu tu ulizochagua. Nilibakiza BusyBox (mkusanyiko mdogo wa amri za msingi za Linux) na SDL2 (maktaba ya kuchora picha na kupokea vidhibiti), nikaongeza MAME (programu inayoiga mashine za zamani za gemu), na kuacha kabisa mazingira ya madirisha, kwa kuwa SDL2 huweza kuchora moja kwa moja kwenye skrini kupitia KMS, sehemu ya kerneli inayosimamia skrini. Kiini cha suluhisho ni mfumo mkuu wa faili kuwa SquashFS, ambao husomwa tu bila kuandikwa, hivyo kukatika kwa umeme hakuachi faili nusunusu humo.

Hata hivyo, rekodi za alama lazima zihifadhiwe, la sivyo watoto watalalamika, na wana haki. Nilitenga kwenye kadi sehemu ndogo ya ext4, mfumo wa faili unaoweza kuandikwa, kisha ndani ya mame.ini, faili ya mipangilio ya MAME, nikaelekeza huko nvram_directory na cfg_directory, yaani folda za kumbukumbu za michezo na za mipangilio yake. Katika /etc/inittab, faili inayoeleza programu za kuanzishwa mfumo unapowaka, MAME imeandikiwa respawn (ianzishwe upya kila inapofungwa), kwa hiyo mchezaji akiifunga kwa bahati mbaya, inafunguka tena yenyewe.