Bibi yake alisema anadeka tu

Kijana wetu alipotimiza miaka miwili na nusu alikuwa na kazi moja mezani: kufunga mdomo. Kijiko kikimkaribia anageukia ukutani kama mtu aliyemwona mdai wake. Uji wa maziwa ndio alikuwa hataki hata kuuona. Jumapili nikimpigia mama kwa video, kabla hata hajaitikia shikamoo yangu vizuri: "Mjukuu wangu amekula?" Nikimweleza, anacheka. "Anadeka tu huyo, mwanangu. Mnamlea kizungu. Ninyi mlikuwa wangapi kwenye sinia moja? Nani alikuuliza unapenda nini?"

Nikamwamini, maana alisema kweli. Kwenye sinia la watu sita huna muda wa kuchagua. Ukisita, nyama imeshakwenda.

Huku Uingereza sinia hatuna. Kuna mtoto mmoja, sahani moja, na mama aliyetoka zamu ya usiku. Basi tukaanza vituko: kijiko kimekuwa ndege, katuni kwenye simu, baba yake anamtishia polisi. Asubuhi moja nilimbana pua nikamnywesha uji kwa nguvu, kama tulivyonyweshwa sisi. Aliutapika wote kwenye sare yangu ya kazi, na hadi leo nikikumbuka naona aibu.

Wakati wote huo alikuwa anaharisha, leo nafuu, kesho tena. Alikuwa pia na pumu ya ngozi kwenye viwiko na nyuma ya magoti, anajikuna usiku mpaka shuka linapata damu. Mimi niliyaona ni mambo matatu tofauti. Ngozi nikaipaka mafuta, tumbo nikawasingizia chekechea, kutokula nikamlaumu yeye.

Daktari wa kwanza alisema ni kirusi, kitapita. Aliyetufungua macho ni muuguzi mmoja. Aliniambia nitafute daftari, niandike kila alichokula, saa ngapi, na kilichofuata. Ninalo hadi leo. Ukurasa mmoja unasema: "Jumanne. Saa 1 asubuhi, uji wa maziwa, vijiko vitatu. Saa 7 nepi, maji matupu. Usiku kajikuna, hakulala." Ukurasa wa pili: "Jumapili. Tangu Ijumaa kagoma uji. Viazi na mchicha wa nazi. Nepi nzuri. Kalala hadi asubuhi." Baada ya wiki mbili hata mtu asiyejua kusoma angeliona. Mtoto alikuwa anakataa kitu kinachomuumiza, ila hakuwa na maneno ya kusema.

Hapo nikafanya makosa mawili ambayo naona Waswahili wengi huku tunayafanya. La kwanza, nilinunua maziwa yasiyo na laktosi. Laktosi ni sukari ya maziwa. Mwili ukikosa kimeng'enya cha kuisaga, tumbo linajaa gesi na kuharisha. Watu wazima wengi duniani wako hivyo. Mzio ni habari nyingine: kinga ya mwili inaipiga vita protini ya maziwa, na protini hiyo imo vilevile hata laktosi ikiondolewa. La pili lilitoka kwa mama: "Mpe ya mbuzi, ni dawa." Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, kwa hiyo mwili wa mtoto hautofautishi.

Mtaalamu wa lishe alituambia tuondoe maziwa yote kwa wiki nne, kisha tuyarudishe. Kuyarudisha ndiko kulikonitoa jasho. Mtoto analala, ngozi imetulia, halafu nimpe tena? Lakini bila hivyo hujui kama ni maziwa kweli au ni bahati tu. Siku ya tatu tukarudi kwenye daftari: maji matupu. Hilo lilikuwa jibu. Wake ulikuwa mzio wa polepole. Kama mwanao huvimba midomo, hutoka vipele ghafla kama kaguswa na upupu, au hupumua kwa shida, usithubutu kujaribu nyumbani. Hiyo ni kupiga 999, namba ya dharura ya huku, papo hapo.

Kusoma vibandiko sasa ndiyo elimu yangu ya watu wazima. Sheria ya huku inataja vyakula 14 vinavyoleta mzio, maziwa, mayai, karanga na ufuta vikiwemo, na kwenye orodha ya viungo lazima vionekane wazi. Mara nyingi wino wake umekozwa. Maziwa nimeyakuta kwenye soseji, kwenye mkate, kwenye krispi. Chakula kinachotengenezwa na kufungwa dukani hapohapo nacho kinatakiwa kuwa na orodha kamili tangu Oktoba 2021, kwa Sheria ya Natasha, iliyopewa jina la binti wa miaka 15 aliyefariki mwaka 2016 kwa ufuta ambao kibandiko hakikuutaja. Ila yale maneno ya "huenda ikawa na" ni hiari ya mtengenezaji. Yasipokuwepo usidhani umepewa hakikisho.

Kwenye sherehe zetu wenyewe hakuna kibandiko. Kuna dada mmoja, mpishi hodari, aliniapia pilau yake haina maziwa. "Kabisa, mpenzi. Nimeweka siagi kidogo tu."

Nyumbani tui la nazi lilituokoa kwenye mapishi. Kwa kunywa tukampa maziwa ya oti (oats) yaliyoongezwa kalsiamu, kwa sababu tui kalsiamu yake ni ndogo. Ya mchele tuliambiwa tusimpe kabla ya miaka mitano, yana aseniki.

Basi tumbo likapona, ngozi ikapona, mdomo ukabaki umefungwa. Chochote cheupe kilikuwa adui: wali, ugali. Mtaalamu wa lishe akatupa mgawanyo wa kazi uliotokana na Mmarekani Ellyn Satter: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Maneno mepesi, lakini jaribu kukaa kimya wewe uliyelelewa na "maliza sahani". Baba yake alikuwa anaondoka mezani kwenda kuosha sufuria safi ili asiseme kitu.

Tukawa tunaweka ugali kiasi cha kidole gumba, pembeni mwa kitu anachokipenda, bila neno. Mara nne ulienda sakafuni. Mara ya tisa aliuminya, akaufinyanga tonge, akalitoboa kwa kidole kama anavyomwona baba yake, halafu akamlisha dinosauri wake. Mara ya kumi na mbili alichovya kwenye mchuzi, akala. Nikainama chini ya meza kujifanya natafuta kijiko.

Jumapili iliyofuata mama alimwona kwenye video, tonge mkononi, mchuzi hadi kwenye kiwiko. Akaita nyumba nzima waje waone. Kisha akanigeukia mimi.

"Si nilikwambia? Alikuwa anadeka tu."

"Ndiyo, mama," nikasema, nikamuuliza mvua zimeanza?