Nilivyoirudishia rangi Macintosh ya Mama kwa jua la Moshi

Mama alipostaafu ukarani katika ofisi moja hapa Moshi, alipewa kompyuta aliyokuwa akipigia chapa barua: Macintosh Classic, ile ndogo iliyotoka mwaka 1990, kioo chake cha inchi 9 kikiwa humohumo ndani ya kasha. Miaka yote imekaa juu ya kabati la sebuleni, uso ukitazama dirisha. Mwaka jana nilipoishusha, uso ule ulikuwa na rangi ya samli. Pembeni mwa kioo palikuwa na lebo ndogo ya karatasi yenye namba ya ofisi. Nikaibandua taratibu, na chini yake nikakuta kimraba cha kijivu safi, kingo zake zimenyooka kama zimepigwa rula. Kumbe ile ndiyo rangi yake. Nikaapa kuirudisha.

Wengi huona ule unjano wakadhani ni uchafu, wakausugua kwa sabuni hata kwa dawa ya meno. Hautoki, kwa sababu haukupakwa, umezaliwa ndani ya plastiki yenyewe. Plastiki hii huitwa ABS, na viwandani walikuwa wakiitia kemikali za bromini ili isishike moto upesi. Mwanga wa jua, joto na oksijeni huibadilisha pole pole. Mwaka 2008 wapenzi wa kompyuta kuukuu walianza kueneza dawa yake, wakaiita Retr0bright: haidrojeni peroksaidi ikisaidiwa na mwanga mkali. Peroksaidi hiyo ndiyo wanayotumia saluni kung'arisha nywele.

Kabla ya yote, usalama. Kioo cha kizamani kinaweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Sikujaribu mwenyewe, nilimwita fundi wa televisheni kutoka Majengo, akautoa umeme wote kisha tukafungua kasha. Skrubu zake ni za nyota, na mbili zimejificha ndani kabisa ya mpini, kwa hiyo bisibisi iwe ndefu. Tulipofika kwenye bodi tukatoa na betri ndogo ya saa, maana zikizeeka huvuja na kuila bodi.

Jaribio la kwanza nilifanya Julai, na liliniumiza moyo. Nilinunua krimu ya peroksaidi ya asilimia 12 saluni, nikaupaka uso wa kompyuta kwa brashi, nikaufunga kwa nailoni na kuuanika uani. Julai ya Moshi mnaijua: mawingu kutwa, Mlima hauonekani wiki nzima. Niliuacha hadi jioni. Sehemu krimu ilipokauka au nailoni ilipojikunja, yalibaki mabaka meupe kama mapunye. Mama aliutazama, akasema, "Mwanangu, ulikuwa afadhali ulivyokuwa."

Nikasubiri Januari, jua linapowaka kweli. Safari hii niliachana na krimu. Nilitafuta ndoo pana ya plastiki inayopitisha mwanga, nikachanganya lita 3 za peroksaidi ya maji ya asilimia 12 na lita 3 za maji ya kawaida, nikauzamisha uso mzima. Nilikuwa nimeosha kwa sabuni na kutoa kila kipande cha chuma. Glavu na miwani sikuvua: hata hivyo dawa ilipita kwenye tundu moja dogo la glavu, ncha ya kidole ikawa nyeupe na kuwasha hadi usiku. Mfuniko niliuweka bila kuubana, kwa sababu mchanganyiko hutoa oksijeni na chombo kilichozibwa kinaweza kupasuka.

Tatizo ni mapovu. Hujikusanya chini ya plastiki na kuiinua, na sehemu inayochomoza juu ya maji huacha mstari. Nikagandamiza kwa chupa mbili za kioo zilizojaa maji, na kila baada ya nusu saa nikawa naugeuza na kuyapangusa mapovu. Kipimo changu kilikuwa kile kimraba: kila nilipougeuza nililinganisha. Saa nne asubuhi unjano ulikuwa bado umekolea. Saa nane mchana mabaka ya Julai yalikuwa yamefifia, na hadi saa kumi sikuweza tena kuona kimraba kinaanzia wapi. Nikautoa hapohapo na kuusuuza kwa maji mengi, maana ukizidisha plastiki hupauka kupita rangi yake. Kesho yake nikafanya vivyo hivyo kwa kibodi, ambayo kitufe kirefu cha nafasi kilikuwa kimekolea kuliko vingine vyote.

Kava la nyuma sikuligusa. Lilitazama ukuta, halijabadilika sana, na kuliingiza kwenye dawa ni kuisumbua bure plastiki iliyozeeka.

Unjano unaweza kurudi, hata kwa kifaa kilichofichwa gizani, kwa hiyo sasa inakaa mbali na dirisha. Lebo ya Mama nimeibandika palepale ilipokuwa. Januari ijayo nitaibandua nilinganishe.