Valasikloviri na idhini zake

Mdomo wangu wa chini hunipa habari kabla ya kioo: huanza kuchonyota mahali pale pale pembeni, na kesho yake vilengelenge vimekwisha kujipanga. Kwa sababu hiyo nimezoea kuisoma ile karatasi ya maelezo ya valasikloviri, dawa ya kupambana na virusi vya malengelenge, ambayo wengi huitupa pamoja na boksi.

Dawa hii ni asikloviri, dawa ya virusi iliyoitangulia, iliyofungwa upya. Asikloviri ikimezwa, ni kama asilimia 10 hadi 20 tu inayofika kwenye damu. Wanakemia waliiunganisha na valini, ambayo ni asidi ya amino, na kiasi kinachofika kikapanda hadi zaidi ya nusu, kwa kuwa utumbo huipokea kwa wepesi zaidi. Werevu wake, kwa maoni yangu, uko katika jambo jingine: dawa huamshwa na kimeng'enya cha virusi vyenyewe, hivyo hufanya kazi hasa ndani ya seli iliyoambukizwa.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiidhinisha mwaka 1995 kwa ajili ya mkanda wa jeshi, na kabla ya mwaka huo kwisha ikaongeza malengelenge ya sehemu za siri yanayojirudia. Malengelenge ya mdomo yalisubiri hadi 2002, na dozi yake ni ya siku moja tu: gramu 2, kisha gramu 2 nyingine baada ya saa 12. (Mara ya kwanza nilidhani mfamasia amekosea.)

Idhini ya 2003 ndiyo inayonishangaza hadi leo, maana ilimruhusu mtu kumeza kidonge ili kumkinga mwenzake. Katika utafiti uliohusisha jozi 1,484 za wapenzi, ambapo mmoja alikuwa na malengelenge ya sehemu za siri na mwingine hana, miligramu 500 kila siku zilipunguza maambukizi kwa karibu nusu. Nusu si yote, kwa hiyo kondomu haikuondolewa katika ushauri.

Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi, kwani dawa hutoka kwa njia ya mkojo. Virusi navyo having'oki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu vikingoja nafasi. Ndiyo maana vidonge vyangu vinne vya gramu 1 hukaa karibu na mswaki: nikingoja hadi malengelenge yaonekane, nimekwisha kuchelewa.