Sindano isiyomchoma mtu: siku yangu moja kando ya Ziwa Kivu, Goma

Saa 10 na nusu alfajiri. Simu inalia, naizima kabla haijaamsha watoto wa yaya, ndugu yangu mkubwa. Gizani naijua nguo ya kazi kwa kuigusa, kloro imeikausha ikawa kama karatasi. Imeshanilia vitenge vitatu, hiki cha nne nimekiacha kife kazini.

Saa 11 na robo. Niko ziwani, upande wa Kituku. Wageni hutuuliza: mji umelala kando ya ziwa, maji yanawapaje shida? Njooni mchimbe mtaro wa bomba. Chini yetu ni jiwe la volkano, mji hauna mto, na mwezi wa 5 mwaka 2021 lava ya Nyiragongo iliharibu hata baadhi ya mabomba tuliyokuwa nayo. Januari 2025 vita vilipokata umeme, pampu zilisimama, tukaona bidoni (madumu ya maji) za watu ambao hawakuwahi kushuka huku. Basi watu wanachota ziwani, palepale wengine wanapofua na kuoga. Mwaka 1994, wakimbizi walipofurika kutoka Rwanda, kipindupindu kiliua maelfu hapa kwa wiki chache. Tangu hapo hujificha, kisha hurudi.

Napima unga wa kloro, gramu 15 kwa kila lita ya maji, mgongo nimeugeuzia upande upepo unakotoka. Kisha nasimama kwenye njia ya kupandia na sindano isiyo na ncha. Kila bidoni ya lita 20 inapata dozi yake. "Funga, tikisa, ngoja dakika 30." Ndiyo kazi yenyewe. Watoto wananiita Yaya Kloro. Binamu yangu anasema hata nyani angeiweza. Nyani gani angeamka saa hiyo?

Saa 12 hadi saa 2: wanafunzi, wamama, vijana wa chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo), bidoni moja kijiti kimoja kwenye daftari.

Saa 2 na kitu. Anakuja mama mmoja ninayemjua kwa sura, ana bidoni tano na kijana wa kuzisukuma. Naweka dozi kwenye ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu anaufunika mdomo wa bidoni kwa kiganja.

"Weye mutoto, hapa usitie. Hiyo dawa yako inaniharibiaka kasiksi."

Namwambia mama, ni kwa afya yako. Anasema afya yake ni ile bia ya ndizi, ndiyo inayolipa shule ya watoto wanne. Wiki iliyopita pipa zima la maji ya ndizi lilikataa kuchacha, likakaa kimya kama limefiwa. Nyuma yake foleni inaanza kupiga kelele. Kijana wa chukudu anasema mama pita, mwingine anasema yaya mwache. Mzee mmoja asiye hata na bidoni anaanza kutueleza kwamba kloro inaletwa ili wanawake wasizae. Sasa nina vita viwili.

Jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba huenda mama alikuwa na haki. Kloro inaua vijidudu, na kinachochachusha kasiksi nacho ni kijidudu. Kwenye mafunzo hakuna aliyetuambia tumjibu nini mpika bia. Tulipewa karatasi ya maswali na majibu, na ndizi hazikuwemo.

Nikamwambia: "Sawa mama, hizi mbili zenye dawa ni za kunywa na watoto. Hizo tatu uzichemshe kabisa, ziache zipoe, ndipo uchanganye."

"Makala utaninunulia weye?"

Sikuwa na jibu. Sote tunajua bei ya gunia la makala, yaani makaa. Akaondoka na bidoni tatu bila dozi, nami nikaandika tatu bila dozi, nikijua msimamizi ataniuliza. Mzozo ulikula karibu nusu saa. Foleni ilipofika mwisho, mkono wangu wa kulia ulikuwa unatetemeka, na vidole vimenyauka ndani ya glavu kama vya mtu aliyefua siku nzima.

Jua likapanda. Kuanzia hapo saa sikuziangalia vizuri. Nilikula mkate na njugu nimesimama. Primu yetu, posho ya kazi, imechelewa miezi mitatu, na wenzangu wawili wameshakwenda kuuza vocha. Siwalaumu, mimi mwenyewe huwaza hivyo kila Ijumaa. Kazi yetu ikifanikiwa haionekani: hakuna mtu aliyewahi kurudi kunishukuru kwa kuhara ambako hakukumpata.

Kilichonileta huku ni kile kitanda. Mdogo wangu alilazwa kwenye kitanda chenye tundu katikati, ndoo chini yake, na kilichokuwa kikidondoka kilifanana na maji ya kuoshea mchele. Asubuhi alikuwa anacheza mpira, jioni macho yameingia ndani na ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Dripu na maji ya chumvi na sukari vilimrudisha. Siku ninazotaka kulala, nakumbuka ile ndoo, naamka nimekasirika. Wengine wanaita moyo wa kujitolea. Mimi nadhani ni hasira tu.

Mchana, labda saa 8, tunapanda kupima maji majumbani. Unajaza kichupa, unatia kidonge, unangoja rangi. Yakibaki meupe, kloro imekwisha au haikuwahi kuwemo. Yakiwa waridi, unalinganisha na kipimo. Nilianza kwa yule mama makusudi, nikiwa nimejiandaa kwa matusi.

Alinipa kigoda. Nikapima bidoni ya watoto: waridi, miligramu 0.5 za kloro kwa lita. Akakishika kichupa, akakielekeza kwenye mwanga wa mlango.

"Kumbe inaonekanaka."

"Inaonekana, mama."

Uani sufuria kubwa ilikuwa imefunikwa kwa sahani, bado inatoa mvuke. Sikusema kitu. Yeye ndiye aliyeona nimeiona.

"Makala ya leo ni deni yako," akasema.

Nikafungua daftari, chini ya vijiti 386, nikaandika: makala, deni.